Kilo 3.3 zilizokataa kuwa 3.3

Kamba mawe wa Kizingitini walipimwa hapa Amu kwa mafungu mawili: kilo 1.1, kisha kilo 2.2. Mnunuzi akaandika 3.3. Programu niliyoiandika kwa lugha ya Python ikapata 3.3000000000000003, ikagoma: hesabu hazilingani. Mvuvi akanitazama kama mwizi.

"Lugha hiyo ni mbovu." Ndilo la kwanza nililoambiwa, na si kweli. JavaScript na Java nazo hujibu 3.3000000000000003, kwa sababu zote zinafuata kanuni moja ya kuhifadhi desimali, IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985. Kanuni hiyo huhesabu kwa msingi wa mbili. Nusu, robo, thumni: hizo kompyuta huzishika barabara, maana ni kugawa kwa mbili, tena kwa mbili. Humusi na ushuri ndizo zinazoishinda. Sehemu ya kumi kwake haina mwisho, kama theluthi kwetu tukiiandika 0.333. Basi hukatwa ikafikia biti 53, yaani tarakimu 53 za sifuri na moja, na kinachohifadhiwa ni jirani wa 0.1, si 0.1 yenyewe.

"Usitumie ==, alama ya kuuliza kama namba mbili ni sawa, kwenye desimali kamwe." Mbona 0.5 + 0.25 == 0.75 ni kweli siku zote?

"Kadiria kwanza, yataisha." Kadiria 2.675 kwa nafasi mbili za desimali uone: badala ya 2.68, Python inatoa 2.67, kwa kuwa iliyohifadhiwa imepungua kidogo.

"Ruhusu tofauti ndogo, tuseme 0.000000001, ulale." Hii ndiyo inayoponza wengi, nami nilikuwamo. Kwa kilo tatu inafaa. Kwa shilingi milioni kumi, pengo kati ya namba moja na inayoifuata ndani ya kompyuta tayari ni kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo umerudi kulekule kwenye ==. Afadhali math.isclose ya Python, inayopima tofauti kwa kuangalia ukubwa wa namba zenyewe. Ila ukilinganisha na sifuri, ipe abs_tol, yaani tofauti unayoiruhusu bila kujali ukubwa wa namba. Bila hiyo hakuna kinachohesabiwa kuwa karibu na sifuri ila sifuri.

"Decimal, aina ya namba ya Python inayohesabu kwa msingi wa kumi, inamaliza kila kitu." Decimal('0.1'), sawa. Decimal(0.1), bila zile alama za nukuu, hurithi kosa lote.

Mimi nilihamia gramu: 1100 na 2200, namba nzima. Mizani yenyewe, hata hivyo, haisomi chini ya gramu 100.