Je, wajua kwa nini vanishi ya kupuliza hupauka siku ya unyevu, hata kama jua linawaka?

Kijisanamu cha askari wa mchezo wa mezani kina urefu wa milimita 28 mpaka 32 hivi, na mtu anaweza kukaa nacho jioni kibao akipaka macho, vifungo vya koti, kutu kidogo kwenye upanga. Kazi ya mwisho ni vanishi, ile isiyong'aa, inayotoka kwenye kopo la kupuliza na kuisha ndani ya sekunde chache tu. Sasa kuna siku unapuliza, unaweka chini, unarudi baada ya dakika tano unakuta koti jekundu limekuwa la pinki, nyeusi imekuwa kijivu, na kwenye kila mkunjo kuna kitu kama unga. Vanishi yenyewe haina rangi, umeipuliza mara mia haijawahi kufanya hivyo. Huo weupe umetoka wapi?

Jibu ambalo watu wanapeana haraka haraka ni "unyevu umeingia kwenye rangi". Si uongo kabisa, ila ni nusu ya jibu, na ile nusu iliyobaki ndo inayoharibu modeli za watu kila msimu. Wengine wanaamini maji yaliingia ndani ya kopo kwa sababu lilikaa sehemu yenye unyevu, lakini hiyo haiwezekani, kopo lina presha kubwa kuliko hewa ya nje, kitu kinachoweza kutokea ni kutoka tu, hakuna kuingia. Wengine wanadhani vanishi inabeba maji njiani ikiwa hewani kisha inayatua kwenye modeli, hapo wamekaribia. Ila imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba shida ni mvua na baridi, kwamba jua likiwaka uko salama maana joto linakausha kila kitu. Hiyo ndo ya kuiangalia kwa makini kwa sababu inaonekana ina akili kabisa. Nguo zinakauka juani, dagaa wanakauka juani, kwa nini vanishi isikauke?

Na kweli inakauka, tena haraka sana, na haraka hiyo ndo chanzo cha matatizo yote.

Tuanze na hewa. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke wa maji kwa kila mita moja ya ujazo, ya nyuzi 10 inabeba kama gramu 9 tu. Ukiipoza hewa yenye mvuke mwingi inafika mahali haiwezi tena kuubeba wote, unaozidi unageuka maji. Nyuzi ambapo hilo linatokea ndo kiwango cha umande, na kila hewa ina chake kwa wakati ule. Chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji ikawekwa mezani Dar haina tundu lolote lakini baada ya dakika mbili inachuruzika maji mpaka meza inalowa, maji yale hayakutoka ndani, yalikuwa hewani muda wote, chupa ilichofanya ni kuwa na baridi chini ya kiwango cha umande wa pale. Ukiweka chupa hiyohiyo, ya baridi ileile, kwenye hewa kavu ya jangwani haitoki jasho, au inatoka kidogo sana. Na chupa iliyokaa nje ya friji siku nzima haitoki jasho hata Dar. Yaani unyevu peke yake hautoshi na baridi peke yake haitoshi, lazima uso wa kitu uwe na baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa inayougusa.

Sasa modeli yako haikutoka kwenye friji, baridi imetoka wapi? Imetoka kwenye kopo lenyewe. Kinachosukuma vanishi nje ni gesi iliyobanwa mpaka ikawa kimiminika, mara nyingi propani, butani au dimethaili etha. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, dimethaili etha kama 24 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri kabisa. Ikitoka tu kwenye mdomo wa kopo inachemka, na kuchemka kunahitaji joto, inalichukua popote pale, kwenye hewa, kwenye matone ya vanishi, na kwenye kopo, ndo maana ukipuliza mfululizo unasikia kopo linapoa mkononi. Halafu vanishi ikishatua juu ya modeli kazi inaendelea, tina iliyomo, yaani kiyeyusho cha aina ya asetoni na wenzake, inaruka hewani kwa kasi, nayo inaondoka na joto la uso ilipokuwa. Ndani ya sekunde chache ule uso umepoa kuliko hewa iliyouzunguka. Jua likiwaka tina inaruka kwa kasi zaidi, hivyo joto ulilodhani litakuokoa linaongeza kasi ya kupooza.

Kwa hiyo cha kuangalia si joto na wala si wingi wa maji hewani, ni pengo kati ya joto la uso wa modeli na kiwango cha umande. Kuna hesabu ya kukadiria ambayo inafaa unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 50: chukua 100, toa asilimia ya unyevu, gawanya kwa 5, unapata pengo kwa nyuzi. Mfano siku ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, pengo ni kama nyuzi 4, kiwango cha umande kiko nyuzi 26. Chukua asubuhi ya Nairobi mwezi wa 7, nyuzi 14, mawingu yamekaa, unyevu asilimia 85, pengo ni kama 3. Umeona hapo? Hewa ya Nairobi asubuhi ile ina maji kidogo, pungufu ya nusu ya yale ya Dar, lakini kwa vanishi hatari ni ileile au hata zaidi. Wanaopaka rangi meli, matangi na madaraja ya chuma wana kanuni kwamba uso wa chuma uwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, ikipungua hapo kazi inasimama. Hiyo ni kwa chuma ambacho hakijapozwa na kitu, sisi wa makopo tunaanza na pengo la nyuzi 4 halafu tunapuliza kitu kinachopooza, ni wazi halitabaki hata moja.

Hapohapo kuna mtego mwingine unaowapata watu wa Dar, Mombasa, Muscat, popote penye kiyoyozi. Unapaka modeli chumbani kwenye nyuzi 22, unaitoa barazani kupuliza maana ndani harufu haivumiliki, kiwango cha umande nje ni 26. Modeli imepata umande kabla hujabonyeza kopo! Huuoni kwa macho kwa sababu ni tabaka jembamba sana, lakini upo. Ya plastiki inapata joto la nje haraka kidogo, ile ya chuma inabaki na baridi kwa muda mrefu, ukiigusa utajua. Iache nje nusu saa kwanza, ikiwa nzito zaidi iache saa nzima. Kwa waliohamia sehemu za theluji mtego ni uleule ila umegeuzwa, mtu anapuliza nje kwenye baridi kali kisha anaikimbiza modeli ndani jikoni kunakochemka chai, umande unaipata mlangoni vanishi ikiwa bado mbichi.

Sawa, maji yametua. Lakini maji hayana rangi na vanishi haina rangi, weupe wa nini? Hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Vanishi ni resini, kitu kama gundi inayobaki ngumu ikikauka, iliyoyeyushwa kwenye tina, tina ikiondoka taratibu resini inajipanga kuwa tabaka moja lisilo na mipaka ndani yake, mwanga unapita moja kwa moja, ndo maana unaona rangi ya chini vizuri. Vitone vya maji vikijichomeka kabla tina haijaisha, resini haielewani na maji, inaganda mapema ikizunguka vile vitone. Baadaye maji nayo yanaondoka yanaacha vishimo vidogo mno vyenye hewa, maelfu kwa maelfu. Mwanga ukiingia unakutana na mpaka wa resini na hewa, tena hewa na resini, kila mpaka unaurudisha kidogo na kuupindisha huku na huku, rangi zote za mwanga zinarudi zimechanganyika na hiyo ndo nyeupe. Kwa hiyo hakuna kitu cheupe kilichoongezeka kwenye modeli yako, kilichopo ni resini ileile yenye matundu, na rangi uliyoipaka bado iko chini yake nzima kabisa.

Fundi wa fanicha anayepuliza laka anaijua hali hii vizuri, na fundi wa rangi za magari pia, ndo maana mvua ikinyesha wanaweka bunduki ya rangi chini. Japani nayo, ambako mji wa Shizuoka ndo nyumbani kwa kampuni kubwa za modeli kama Tamiya, ina msimu wa mvua kuanzia mwezi wa 6 mpaka katikati ya wa 7, na watengenezaji wa rangi za modeli wa huko wanauza tina inayoruka polepole ya kuchanganya kwa ajili ya siku hizo. Ikiruka polepole inapooza kidogo, na maji yakitua yanapata nafasi ya kuondoka kabla resini haijaganda. Ila hiyo ni kwa anayetumia bunduki ndogo ya hewa, kwenye kopo huwezi kuongeza kitu.

Mwenye kopo anabaki na mbinu zake. Puliza mchana, maana unyevu wa hewa kwa kawaida uko juu alfajiri na unashuka saa saba mpaka saa tisa. Pita haraka, safu nyembamba, halafu subiri dakika kadhaa uso urudi kwenye joto lake kabla ya kupita tena, kupuliza kwa mfululizo ndo kunapooza zaidi. Chumba chenye kiyoyozi kina hewa kavu nzuri kweli, lakini gesi ya kopo inawaka moto na mvuke wa tina haufai mapafuni, kwa hiyo usipulize humo bila boksi lenye feni inayotoa hewa nje dirishani na barakoa yenye kichujio cha mvuke, ile ya kitambaa haisaidii kitu. Au achana na kopo, chukua vanishi ya maji ukapake kwa brashi, inachosha lakini haina umande wa kuogopa.

Kuna upande wa pili wa hali ya hewa, joto kavu, Dodoma mchana wa mwezi wa 10 au Arizona kipindi cha kiangazi. Huko pengo ni kubwa mno, umande hauna nafasi, tatizo ni kwamba matone yanakauka yakiwa hewani na yanatua kama vumbi, modeli inakuwa na ngozi ya msasa. Sogeza kopo karibu kidogo, basi. Kwenye baridi kali presha ya gesi inashuka na kopo linatema madonge badala ya kupuliza, watu wanaliweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache na inasaidia, lakini isiwe maji ya moto wala karibu na jiko, makopo mengi yameandikwa lisipite nyuzi 50 na kulipuka ni jambo la kweli.

Wenye kompresa, ile pampu inayosukuma hewa kwenye bunduki ya rangi, msijione mko salama. Hewa ikibanwa mvuke wake unabanwa nao, kiwango cha umande kinapanda, inatoka kwenye pampu ikiwa ya moto, ikifika kwenye mpira wa kupitishia hewa inapoa na maji yanajitenga humohumo, ghafla bunduki inatema tone la maji katikati ya uso wa askari. Kichujio cha maji kikae mbali na pampu, kuelekea mwisho wa mpira, mahali ambapo hewa imeshapoa, kikikaa kwenye mdomo wa pampu mvuke unapita bado moto.

Ikishapauka, usiitupe. Kwa kuwa shida ni vishimo, dawa ni kuvijaza. Njia nzuri ni kupuliza vanishi ya kung'aa siku yenye hewa kavu, tina yake inayeyusha juu juu tabaka la zamani na resini mpya inajaza matundu, rangi zinarudi mbele ya macho yako, halafu ikikauka unapita tena na isiyong'aa. Njia ya pili ni mafuta ya zeituni, kidogo tu kwa brashi laini, yanapindisha mwanga karibu sawa na resini kwa hiyo ile mipaka inapotea. Inafanya kazi vizuri ila mafuta haya hayakauki, na vanishi ukiipuliza juu yake haitashika sawasawa, kwa hiyo ni ya modeli inayokaa kabatini kuliko inayoshikwashikwa mchezoni. Na angalia, si kila weupe ni umande: vanishi isiyong'aa ina unga laini wa silika ndani yake, kopo lisipotikiswa vya kutosha au ukipuliza nzito unga unatua kwa mafungu, na kwa macho unafanana kabisa na huu wa umande, ingawa kwenye siku kavu kabisa silika ndo ya kushukiwa kwanza. Ile ngozi ya msasa haiponi kwa mafuta wala kwa vanishi ya kung'aa, hiyo ni kusugua au kuvua rangi yote uanze upya.

Kabla ya yote hayo pulizia kwanza kijiko cheusi cha plastiki, ukiache kikae nje pamoja na modeli muda uleule, puliza, subiri dakika kumi uone. Kwenye nyeusi hata weupe mdogo unaonekana. Ila kama modeli yako ni ya chuma, kijiko kitakuwa kimepata joto la nje kabla yake, kwa hiyo usikiamini mpaka na yenyewe uiguse usikie haina baridi.