Teritori: ardhi iliyongoja kuwa jimbo

Ukisoma historia ya Marekani ya miaka yake ya mwanzo utakutana mara kwa mara na neno teritori: Teritori ya Indiana, ya Michigan, ya Missouri. Si jimbo, na kwa jina si koloni. Ni ardhi ambayo serikali kuu inaihesabu kuwa yake na imeipelekea gavana, lakini wakazi wake hawana seneta wala hawana sauti katika uchaguzi wa rais. (Waingereza nao waliiita Tanganyika teritori baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ila hiyo ilikuwa nchi ya udhamini, jina moja, mambo mawili.)

Utaratibu huo uliwekwa na Kongresi, yaani bunge la Marekani, tarehe 13 Julai 1787, kwa ajili ya nchi iliyoko kaskazini ya mto Ohio na mashariki ya Mississippi. Mwanzoni watawala wote waliteuliwa: gavana, katibu na majaji watatu. Wanaume huru watu wazima wakifika 5,000, walichagua baraza lao na kupeleka Kongresi mjumbe mmoja, aliyeruhusiwa kusema lakini si kupiga kura. Wakazi huru wakitimia 60,000, waliweza kuandika katiba na kuingia katika muungano wakiwa sawa kabisa na majimbo 13 ya kwanza.

Hapo ndipo teritori inapoachana na koloni. Watu waliokuwa wametoka juzi tu kumwasi mfalme wa Uingereza walielewa kuwa walowezi wa magharibi nao wasingekubali kutawaliwa milele kutoka mbali.

Lakini walioahidiwa ni akina nani? Ardhi hiyo ilikuwa ya Washawnee, Wamiami, Wadelaware na wengineo. Sheria ileile ilitamka kwamba wenyeji hawatanyang'anywa ardhi bila ridhaa yao. Mwaka 1791 jeshi la gavana Arthur St. Clair liliwafuata huko huko kwao, likapigwa vibaya na wapiganaji wa Little Turtle na Blue Jacket, viongozi wa vita wa wenyeji. Askari zaidi ya 600 walikufa. Miaka mitatu baadaye wenyeji walishindwa katika mapigano ya Fallen Timbers, na kwa mkataba wa Greenville wa 1795 wakaachia sehemu kubwa ya Ohio ya leo. Ndipo kazi ya kuhesabu vichwa ikashika kasi.

Na vichwa vilikuwa kura. St. Clair alikuwa mfuasi wa chama cha Federalist, na alijua Ohio ikiwa jimbo itampa kura Thomas Jefferson, kiongozi wa chama pinzani. Yeye na wenzake wakataka teritori igawanywe kwenye mto Scioto, ili kila kipande kibaki na watu wachache na kuzidi kusubiri. Hesabu ya 1800 ilikuwa takriban watu 45,000, pungufu ya 60,000, lakini sheria iliacha mwanya wa kukubali jimbo kabla ya kufikia idadi hiyo, na Kongresi, iliyokuwa mikononi mwa watu wa Jefferson, ikautumia. St. Clair akafukuzwa kazi 1802, Ohio ikawa jimbo 1803, na mwaka uliofuata ikampa Jefferson kura zake zote tatu.

Baadaye mzozo ukahamia kwenye utumwa. Sheria ya 1787 iliupiga marufuku kaskazini ya mto Ohio. Kusini, ilikotoka Tennessee, ngazi za kuelekea kuwa jimbo zilikuwa zilezile bila marufuku hayo. Missouri, iliyokuwa na utumwa, ilipoomba kuingia, majimbo yalikuwa 11 yenye utumwa na 11 yasiyo nao, na kila jimbo lina maseneta wawili. Ikabidi mwaka 1820 Maine iingizwe upande usio na utumwa ili mizani isiinamie upande mmoja.

Alaska na Hawaii zilivuka na kuwa majimbo mwaka 1959. Puerto Rico, iliyochukuliwa kutoka Hispania mwaka 1898, bado inapeleka Kongresi mjumbe asiyepiga kura katika maamuzi ya mwisho.