Ukweli ndani ya tone la damu

Swali la kama binadamu anaweza kuujua ukweli kama ulivyo, mimi hukutana nalo dirishani maabara. Mtu anakuja na karatasi mbili. Kipimo cha haraka alichofanyiwa mtaani kinasema ana malaria, hadubini yangu inasema hakuna wadudu walioonekana. "Sasa ukweli ni upi?" Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kusoma slaidi za damu, na jibu langu ni kwamba ukweli upo na tunaweza kuujua, ila hatuupati wote kwa mkupuo mmoja.

Tazama slaidi inavyosomwa. Tone nene la damu likikauka tunalitia rangi ya Giemsa, kisha tunaliweka chini ya lenzi ya mara 100. Kimelea, yaani mdudu wa malaria, kikiwepo, kiini chake kinang'aa chekundu na mwili wake unaonekana buluu, mara nyingi kama kipete. Kabla sijaandika kwamba hakuna, napitia fildi zisizopungua 100. Fildi ni lile duara unaloliona ukichungulia. Zote 100 zikijumlishwa, damu yake haifiki hata nusu ya maikrolita (maikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita), na mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Kwa hiyo nina uhakika na damu niliyoitazama. Iliyobaki naikadiria.

Hata hesabu zetu zina makubaliano ndani yake. Nikikuta wadudu 40 kwenye seli nyeupe 200, nazidisha kwa 8,000 na kugawanya kwa 200, napata wadudu 1,600 kwa maikrolita. Hiyo 8,000 ni idadi ya seli nyeupe tuliyokubaliana kuitumia kwa kila mtu. Mgonjwa huyu akiwa nazo 5,000 tu, wadudu wake ni 1,000. Kipimo cha haraka nacho kina yake: vingi vinatafuta protini ya wadudu hao iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Kama mwenye karatasi mbili alimaliza dozi juzijuzi, huenda karatasi zote mbili zinasema kweli, maana kila moja imeulizwa jambo lake.

Hapo wengine huruka na kusema basi hakuna ukweli, kila mtu na wake. Nalikataa hilo kabisa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba vitu tunavijua jinsi vinavyotutokea, wala si jinsi vilivyo vyenyewe, na kweli bila rangi na lenzi mimi sioni kitu. Lakini hata yeye hakumruhusu kila mtu ajitungie wake.

Kwa karne nyingi watu waliamini malaria inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Mwaka 1879 watafiti Edwin Klebs na Corrado Tommasi-Crudeli wakatangaza kwamba ni bakteria. Mwaka 1880, huko Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akaona kwenye damu ya askari mgonjwa kitu chenye nyuzi zinazochezacheza. Wengi walimbishia kwa miaka, mpaka nao walipoinama kwenye hadubini wakakiona. Muda wote huo kimelea kiliendelea kuua watu, waliokiamini na wasiokiamini.

Ndiyo maana slaidi za utafiti husomwa na watu wawili, hakuna anayeona jibu la mwenzake. Wakipishana, huitwa wa tatu, naye haambiwi wenzake wameandika nini. Kama ukweli ungekuwa wa kila mtu na wake, huyu wa tatu angeitwa afanye nini?

Wewe uliyeambiwa huna malaria na homa bado inapanda, rudi upimwe tena. Kimelea cha malaria aina ya falciparum kikikomaa hujibana kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani, na damu ya kidoleni inaweza kuwa na wadudu wachache mno saa ile uliyochomwa.