Kikomo, mwendelezo na samaki wa gramu 999

Swali la kikomo (limit: thamani ambayo funksheni inaielekea x ikikaribia namba fulani) likitolewa, wengi hukimbilia kupachika namba. Wakipata 0/0 wanaandika "hakipo" au, vibaya zaidi, "0". Hiyo 0/0 si jibu. Inakuambia kazi ndiyo kwanza inaanza.

Chukua f(x) = (x² − 9)/(x − 3), x ikikaribia 3. Kwenye 3 yenyewe funksheni haina thamani, na kikomo hakijali hilo. Kinauliza thamani za jirani zinaelekea wapi. 2.9 inatoa 5.9, 2.99 inatoa 5.99, na ukitokea upande wa pili 3.01 inatoa 6.01. Kialjebra, kiasi (sehemu ya juu) ni (x − 3)(x + 3). Kata x − 3 juu na chini, inabaki x + 3, kikomo ni 6. Ruhusa ya kukata inatokana na x kutofika 3, kwa hiyo hatugawanyi kwa sifuri. Andika "lim", alama ya kikomo, kila mstari mpaka pale unapopachika 3. Ukiliacha mapema umedai kwamba x + 3 ni 6 siku zote.

Penye kipeuo cha pili, mfano (√(x + 4) − 2)/x kwenye 0, zidisha juu na chini kwa √(x + 4) + 2. Jibu 1/4.

Jedwali la namba nalo hudanganya. Jaribu sin(π/x) kwa 0.1, 0.01 na 0.001: zote 0. Sasa weka 2/41, kisha 2/401: unapata 1. Kikomo kwenye 0 hakipo kabisa. Na kikokotoo kikiachwa kwenye digrii, (sin x)/x kwenye 0 itaelekea 0.01745, yaani π/180, badala ya 1. Weka radiani kwanza.

Mwendelezo (grafu kutokatika) kwenye nukta a unadai mambo matatu: f(a) iwepo, kikomo kiwepo, na viwili hivyo vilingane. Kukariri ni rahisi; maana yake huonekana kwenye mzani. Tuseme mnunuzi wa sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, analipa shilingi 6,000 kwa kilo kwa samaki asiyefika kilo 1, na 8,000 kwa kilo kuanzia kilo 1 (bei ni za kubuni). Malipo ni 6,000x, kisha 8,000x. Kikomo cha kushoto kwenye 1 ni 6,000, cha kulia 8,000. Havilingani, basi kikomo hakipo, ingawa f(1) ipo.

Samaki wa gramu 999 analipiwa 5,994. Ongeza gramu moja, ni 8,000. Kwenye kilo 2 hali ni tofauti: ukitaka kosa la malipo lisizidi shilingi 80, mzani usikosee zaidi ya gramu 10, ukitaka lisizidi 8, gramu 1 inatosha. Kila kiwango unachodai kina mzani wa kukitimiza. Kwenye kilo 1, dai kosa lisizidi 1,000 tu, na hakuna mzani duniani utakaokuokoa. Hiyo ndiyo epsiloni (kosa la malipo unaloruhusu) na delta (kosa la mzani linaloruhusiwa), bila alama zake za kutisha.

Tundu la mfano wa kwanza linazibika kwa kutamka f(3) = 6. Mruko huu hauzibiki kwa nukta moja. Lazima ubadilishe kanuni yenyewe. Weka 8,000x − k kuanzia kilo 1, ulinganishe pande mbili: 8,000 − k = 6,000, k = 2,000. Mnunuzi atafurahi, mvuvi hapana.