Burundi 1996: vikwazo vilivyotangazwa Arusha vilimbana nani?

Wanafunzi ninaowafundisha biashara ya kimataifa hapa Arusha huniuliza kama vikwazo vya kiuchumi vinasaidia chochote. Nao hutegemea nitaanza na Cuba au Iran. Mimi huanza na Burundi, kwa sababu uamuzi wa kuiwekea vikwazo ulitoka katika mji huu huu.

Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mapinduzi Julai 25, 1996. Julai 31 viongozi wa ukanda wetu, wakiwemo wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, walikutana Arusha wakaamua kuifungia nchi hiyo njia za biashara mpaka bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe na mazungumzo yaanze na pande zote, hata zile zenye silaha. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Nyerere.

Burundi haina bahari. Mzigo wake ulishuka Dar es Salaam, ukapanda reli ya kati hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika. Njia nyingine ilitoka Mombasa kwa barabara, kupitia Uganda na Rwanda. Kahawa ndiyo iliyoiletea sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na mafuta yote yalitoka nje. Kwa hiyo majirani walikuwa na uwezo wa kweli wa kuibana, na matokeo ya kisiasa yalionekana mapema: Septemba mwaka huo huo Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama. Sidhani angefanya hivyo upesi namna ile bila shinikizo lile.

Lakini vikwazo vikaendelea, na hapo ndipo uchumi wake unapotakiwa kutazamwa kwa karibu. Chukua lita moja ya petroli. Wakati wa kawaida inalipiwa ushuru mpakani, na mwenye kituo anaridhika na faida ndogo kwa kuwa jirani yake anauza hiyo hiyo. Ikishapigwa marufuku, inaingia ndani ya dumu kwa njia za panya, na kila mkono unaoipitisha unadai chake: mwenye mtumbwi, askari wa zamu, mwenye ghala. Bei inapanda, hazina ya serikali inakosa ushuru, na tofauti yote inabaki kwa wale wanaojua mlango upi uko wazi usiku. Hao mara nyingi ni watu walio karibu na wakubwa, kwa sababu kibali na dola za bei rasmi ya benki havimfikii mtu asiyejulikana. Mzigo ulipenya kupitia Rwanda na Zaire, na wako waliotajirika.

Mkulima wa kahawa hakuwa na ujanja huo. Buni ikiiva lazima ichumwe, na mnunuzi anayejua atalazimika kuisafirisha kwa magendo anakata gharama hiyo kwenye bei ya shambani. Hili linaniuma hadi leo, maana mkulima yule hakumpindua mtu yeyote.

Aprili 1997 viongozi walilegeza masharti kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Ulikuwa uamuzi sahihi, ila ulichelewa. Misamaha ya namna hiyo ingeandikwa siku ile ile ya tangazo. Majirani nao walilipa: kila behewa lisilofika Kigoma lilikuwa ujira uliopotea kwa mpagazi wa bandarini, na fidia haikuwepo. Zambia iliyaonja hayo zamani, Rhodesia (Zimbabwe ya leo), jirani yake wa kusini, ilipowekewa vikwazo baada ya 1965. Bomba la mafuta la TAZAMA na reli ya TAZARA, zote kutoka Dar es Salaam, vilijengwa ili Zambia iachane na njia za kusini zilizopita Rhodesia.

Mazungumzo yalianza Arusha Juni 1998, na vikwazo vikasimamishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo, Mandela akaupokea usuluhishi, na mkataba wa amani ukasainiwa hapa Agosti 28, 2000. Vikundi vya waasi vya CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, vilivyokuwa vikipigana msituni, havikuusaini. Vikwazo vinaishika serikali kwa sababu ina forodha, benki na mishahara ya kulipa, na vikundi vile havikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. CNDD-FDD walikubali kusitisha mapigano mwaka 2003, FNL mwaka 2006, na kila mmoja alihitaji mazungumzo yake.