Kupiga kula, dunge, na watu wanaokuja na kamusi kwapani

Kazi yangu ni kuhariri na kukusanya maneno. Naishi Mtwara mjini, na majirani wamezoea kunifanya kamusi ya mtaa. Wanaokuja kuuliza maana ya neno ni wachache kuliko unavyodhani.

Msimu uliopita wa korosho, karani wa chama kimoja cha msingi cha ushirika aliniletea muhtasari wa mkutano niupitie kabla haujagongwa muhuri. Ulikwenda vizuri mpaka kwenye uchaguzi: "Wajumbe walipiga kula." Nilicheka, naye akacheka, kisha akanuna kidogo.

"Mwalimu, mie kamusi niliangalia."

Na kweli aliangalia. Alifungua K, akatafuta "kula", hakuliona, akaamua kamusi yenyewe ina mapungufu. Kumbe kitenzi hicho kinakaa L, kwa kuwa kamusi zetu hupanga vitenzi bila ile "ku-" ya mbele: utakuta "andika", hukuti "kuandika". "Kura" lilikuwepo palepale kwenye K, ila angelifikiaje? Kimakonde cha nyumbani hakitofautishi l na r, kwa hiyo sikio halimsaidii. Anataka kamusi imwambie tahajia, na kamusi inataka aje nayo. Ushauri wangu kwa watu wa huku ni mmoja: ukikosa neno uliloliandika kwa L, lijaribu kwa R kabla hujalaumu kitabu.

Nilimwonyesha pia vile vibano vya ngeli, [i-/zi-] mbele ya "korosho". Alikuwa hajawahi kuvitazama. Msomaji huviruka bila hasara. Anachotaka ni maana, apate, afunge. Anayeandika ndiye anayevihitaji, maana "korosho" haibadiliki sura, iwe moja au gunia zima, na ni kibano hicho kinachomwambia aandike "zimepimwa".

Kamusi za mwanzo hazikumfikiria karani huyu. Ya Krapf, mmisionari Mjerumani, iliyotoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inaeleza Kiswahili kwa Kiingereza. Ilimhudumia mgeni aliyesikia neno na kutaka kujua limebeba nini. Mwenye lugha hana shida hiyo. Yeye hutaka kujua neno linaandikwaje, lina ngeli gani, linafaa kwenye barua ya ofisi au liishie sokoni. Mwingereza Frederick Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, lakini *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), ambayo wengi wetu tumeisomea, ilikuja 1981. Mgeni alihudumiwa mapema kuliko mwenye nyumba, na hilo bado linaniuma.

Halafu wapo wazee wa kahawa. Jioni moja kijana aliyehamia kutoka bara alisema "korosho changa", mzee mmoja akamkatiza: "Hiyo ni dunge." Kijana akabisha, kwamba hicho ni kilugha. Nikaitwa na kitabu changu. Mzee alijua dunge kabla mimi sijazaliwa. Hakuwa na cha kujifunza humo. Alitaka shahidi tu. Nilipofika D na kusoma kwa sauti, alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba, akauliza kama na uraka, ile pombe ya mabibo, nao umeandikwa humo.

Nikamwambia amalize kahawa kwanza.