Je, wajua kwa nini Marekani iliipasisha Mexico katika vita dhidi ya dawa za kulevya, siku kumi baada ya kutangazwa kwamba jenerali wake amekamatwa?

Tarehe 18 Februari 1997, Mexico ilitangaza kwamba Jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo, mkuu wa idara yake ya kupambana na dawa za kulevya, yuko mbaroni. Alikuwa amehamia nyumba ya kifahari ambayo mshahara wake usingeweza kuilipia, na uchunguzi ukamhusisha na Amado Carrillo Fuentes, mlanguzi mkubwa wa kokeini. Wiki chache tu kabla ya hapo, Barry McCaffrey, msimamizi wa sera ya dawa za kulevya Marekani, alikuwa amemsifu hadharani kwa uadilifu. Hata hivyo, tarehe 28 mwezi huohuo Rais Bill Clinton alithibitisha kwamba Mexico inashirikiana na Marekani kikamilifu.

Wengi hudhani uthibitisho huo ulipima wingi wa dawa zinazopita katika nchi. Sivyo. Sheria ya mwaka 1986 ilimtaka rais kila mwaka aorodheshe nchi ambazo dawa huzalishwa au kupitishwa kwa wingi, na kuingia katika orodha hiyo si hukumu. Nchi inaweza kuwamo kwa sababu tu ya mahali ilipo kwenye ramani. Hukumu ilikuja baadaye, nayo wakati huo iliangalia ushirikiano. Ndiyo maana Colombia, ambayo polisi wake waliwatia mbaroni vigogo wa genge la walanguzi wa kokeini la Cali mwaka 1995, ilinyimwa uthibitisho mwaka 1996 na tena 1997: Rais wake, Ernesto Samper, alituhumiwa kuingiza fedha za genge hilo katika kampeni yake. Kosa lingine ni kudhani kwamba Bunge la Marekani, yaani Congress, ndilo lililotoa uthibitisho. Aliyeutoa ni rais. Bunge lilikuwa na siku 30 za kuupinga, na rais angeweza kukataa kutia saini azimio la kuupinga, hapo zikahitajika theluthi mbili za kura kumshinda.

Lakini kwa nini kuiogopa adhabu ya kukatiwa misaada, ilhali Mexico haikutegemea sana misaada ya Marekani? Fikiria mwenye duka anayebandika ukutani jina la mteja asiyepaswa kukopeshwa. Mteja huyo huenda hakopi sana dukani hapo, kwa hiyo kukatiwa mkopo hakumuumizi. Kinachomuumiza ni kwamba wafanyabiashara wengine wa mtaa mzima wanausoma ukuta uleule. Mexico ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika anguko la sarafu yake, peso, la 1994 na 1995, na Januari 1997 ilikuwa imemaliza kulipa mkopo wa dharura wa Marekani. Neno baya kutoka Washington lingewafikia wawekezaji kabla halijafika kwa mlanguzi yeyote.

Bungeni, mjadala ulikuwa mkali. Tarehe 13 Machi, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 251 kwa 175 kuubatilisha uthibitisho, huku likiacha nafasi ya siku 90 kwa rais kupata ahadi za Mexico. Wiki moja baadaye Seneti ikapitisha, kwa kura 94 kwa 5, azimio laini zaidi, lililomtaka rais alete taarifa ya maendeleo ifikapo Septemba. Uthibitisho wa Clinton ukabaki palepale.

Kwangu mimi, jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba sheria ilikuwa na njia ya tatu: kukiri kwamba nchi haijashirikiana vya kutosha, kisha kuiondolea adhabu kwa maslahi ya taifa. Njia hiyo ingesema ukweli kuhusu jenerali bila kuivuruga Mexico. Ilitumika kwa Colombia mwaka 1998.

Mwaka 2002 kipimo kilibadilishwa, na sasa, katika hukumu hiyo, rais hutaja tu nchi zilizoshindwa waziwazi kutimiza wajibu wao. Septemba 2025 Colombia ilitajwa hivyo, na Rais Donald Trump akaiondolea adhabu ya kukatiwa misaada.